Nguvu, Uwezo, Mamlaka au Madaraka? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Neno

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa chini ya mwembe katika kijiji kimoja cha mkoa wa Pwani, nikisikiliza kijitabu nilichokitafsiri kikisomwa mbele ya akina mama. Msomaji akafika kwenye sentensi ambayo siku naiandika niliiona imekaa vizuri: "Lengo la mradi huu ni kuwapa wanawake nguvu." Bibi mmoja aliyekuwa amekaa juu ya kanga akanyoosha mkono. "Mwanangu," akasema, "nguvu za nini tena? Maji tunabeba sisi, kuni sisi, jembe sisi. Nguvu tunazo. Ila mahindi yakishauzwa, hela anashika yeye."

Nilikuwa nimekutana na neno power kwenye karatasi ya Kiingereza, nikaweka nguvu, nikapita. Bibi yule alieleza kwa pumzi moja kile ambacho kijitabu kizima kilishindwa kueleza: walichokosa ni sauti juu ya mapato. Tangu siku ile neno hili silipiti tena bila kusimama. Huu ndio utaratibu ninaoutumia, na nauandika kwa ajili ya wafasiri, waandishi wa habari, walimu, na yeyote anayelazimika kuandika barua, muhtasari wa kikao au taarifa kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Hatua ya 1: Weka kamusi pembeni, uliza maswali manne

Kamusi itakupa orodha: nguvu, uwezo, mamlaka, madaraka, enzi, utawala, dola, nishati, umeme. Orodha haikusaidii kama hujajua unazungumzia kitu gani. Anza na maswali haya, kwa mpangilio huu.

Je, mtu akivuliwa cheo kesho asubuhi, kitu hiki kinabaki naye? Bondia akinyang'anywa mkanda, ngumi yake ni ile ile. Hiyo ni nguvu. Hakimu akistaafu, hawezi tena kumfunga mtu hata siku moja. Alichokuwa nacho ni mamlaka.

Je, kinaweza kutolewa kwa karatasi? Kama barua yenye mhuri inatosha kukikabidhi, tafuta mamlaka, madaraka au idhini. Hakuna barua inayoweza kukupa nguvu za kubeba gunia la kilo 100.

Je, kinapimwa kwa chombo? Kama kuna mita, mizani au geji, umeingia kwenye fizikia, na huko maneno yana mipaka yake.

Je, yupo anayeamriwa? Power ya Kiingereza inaweza kusimama peke yake bila kusema inamwangukia nani. Kiswahili kinapenda kumjua mtu huyo. Ukishamjua, mara nyingi neno linajileta lenyewe.

Hatua ya 2: Tenganisha nguvu na uwezo

Nguvu ni neno la mwili kwanza. Mgonjwa aliyeanza kupata nafuu anasema "nimepata nguvu kidogo, nimekunywa uji". Kutoka mwilini likasafiri mbali: nguvu za hoja, nguvu ya soko, nguvu ya umma, nguvu za giza. Kokote liendako linabaki na wazo la msukumo, kitu kinachosogeza kingine. Ndiyo maana msemo wa mikutanoni Tanzania, "tushindane kwa nguvu ya hoja, si kwa hoja ya nguvu", unamwingia kila mtu bila maelezo. Kugeuza maneno mawili tu kumegeuza ustaarabu wote wa mjadala.

Uwezo limetoka kwenye kuweza. Linahusu kile kinachowezekana kwa mtu: akili, ujuzi, fedha, nafasi. "Hana uwezo" mitaani kwetu karibu siku zote maana yake hana pesa. "Mtoto ana uwezo darasani" maana yake anafaulu. Mtu asiyejiweza ni fukara au mgonjwa wa kuhudumiwa. Kwa hiyo wachumi wanapozungumzia nguvu ya mnunuzi sokoni, andika uwezo wa kununua. Mama anayerudisha nusu kilo ya sukari kwenye rafu amepungukiwa na uwezo wa kununua. Mkononi nguvu anazo za kubeba kilo tano.

Hapa pana mtego unaoharibu tafsiri nyingi za miradi. Kuwezesha na uwezeshaji ndiyo maneno rasmi ya kumpa mtu nafasi ya kujiamulia, na serikali inayatumia, kama katika uwezeshaji wananchi kiuchumi. Lakini yamebebeshwa kazi nyingine mbili. Kwenye semina, mwezeshaji ni yule anayeongoza mafunzo. Na mitaani, "niwezeshe" maana yake nipe chochote mfukoni. Ukiandika "wanawake watawezeshwa" bila kuongeza neno, nusu ya wasomaji watasubiri bahasha na nusu watasubiri semina. Ongeza kitu: wawezeshwe kumiliki ardhi kwa majina yao, wawezeshwe kupata mikopo, wawe na kauli katika matumizi ya mapato. Sentensi itarefuka. Iache irefuke.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, na nimeuona ukiaibisha watu wazima ukumbini. Nguvu za kiume, kwa Mswahili yeyote, ni habari za chumbani. Mabango ya dawa yamejaa mijini. Kwa hiyo makala inayochambua jinsi wanaume wanavyotawala familia na mali haiwezi kuitwa "nguvu za wanaume". Tumia mfumo dume, neno lililokwishazoeleka, au sema wazi kwamba wanaume ndio wenye uamuzi wa mwisho.

Na kumbuka kwamba neno linaweza kubeba historia ya mahali. Nguvukazi ni neno safi la kiuchumi kwa watu wanaofanya kazi katika nchi au kampuni. Lakini mwaka 1983 Tanzania iliendesha kampeni ya Nguvu Kazi, na Dar es Salaam watu walioonekana hawana kazi walikamatwa na kupelekwa mashambani. Mzee aliyekuwa kijana mjini wakati huo hasikii neno hilo kama anavyolisikia mhitimu wa chuo wa leo. Neno halijawa kosa kwa sababu hiyo, lakini ujue nani anakusoma.

Hatua ya 3: Mamlaka na madaraka, ndugu wawili wasiofanana

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa nakuomba usikimbie.

Mamlaka ni haki ya kuamua au kuamuru inayotambuliwa na sheria, dini au mila. Lina asili ya Kiarabu, katika mzizi ule ule uliotupa malkia, milki na kumiliki. Kwa Kiarabu mamlaka ni ufalme. Saudia inaitwa hivyo katika jina lake rasmi. Ndugu zetu wanaoishi Oman na kwingineko Ghuba wanazisikia maana zote mbili kila siku, kwa hiyo wakitafsiri wawe macho: mamlaka ya Kiarabu ni nchi ya mfalme, ya Kiswahili ni haki ya kuamua, au chombo kilichopewa haki hiyo, kama Mamlaka ya Mapato Tanzania au Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Madaraka ni kazi na wajibu unaokuja pamoja na cheo, na nafasi yenyewe ya kukalia. Mwalimu mkuu ana madaraka. Mamlaka yake ni yale mambo mahususi ambayo sheria na kanuni zinamruhusu kuamua. Anaweza kuwa na madaraka makubwa na mamlaka madogo: shule nzima iko mabegani mwake, lakini hawezi kuajiri hata mwalimu mmoja. Ukiandika "mwalimu mkuu hana nguvu", msomaji atadhani ni mpole. Ukiandika "hana mamlaka ya kuajiri", mzazi atajua malalamiko yake ayapeleke kwingine. Tofauti ya neno moja imemwokolea safari.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inayaweka maneno haya bega kwa bega katika ibara ya 8: "wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na Serikali itapata madaraka na mamlaka yake yote kutoka kwa wananchi kwa mujibu wa Katiba hii." Isome polepole. Wananchi wametajwa kwa mamlaka tu. Serikali imetajwa kwa yote mawili. Naielewa hivi: wananchi hawakalii kiti, kwa hiyo hawana madaraka, wao ndio chimbuko la haki ya kuamua. Serikali inapokea haki hiyo na, pamoja nayo, kazi ya kufanya. Ukibadilisha maneno yote mawili kuwa nguvu, ibara inaporomoka na kuwa kaulimbiu.

Historia ya Afrika Mashariki nayo inakusaidia kukumbuka. Tanganyika ilipata madaraka ya ndani tarehe 1 Mei 1961, na uhuru ukaja tarehe 9 Desemba mwaka ule ule. Kenya ilipata madaraka tarehe 1 Juni 1963, siku inayosherehekewa mpaka leo kama Siku ya Madaraka, na uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Katika nchi zote mbili madaraka yalikuwa kuendesha shughuli za ndani wakati mamlaka ya juu bado yako kwa Mwingereza. Watu wa wakati ule waliyapa maneno haya uzito wake, na hawakuchanganya madaraka na uhuru.

Kutoka hapo twende kwenye kugawa. Madaraka yanapotoka makao makuu kwenda chini, kitenzi ni kugatua. Kenya imekijengea nomino iliyoingia kwenye lugha ya kila siku, ugatuzi, tangu Katiba ya 2010 ilipounda kaunti 47. Tanzania mara nyingi tunasema ugatuaji au kupeleka madaraka kwa wananchi. Mkubwa akimwachia mdogo wake kazi kwa muda, anamkaimisha, na yule anakaimu. Bunge, Serikali na Mahakama ni mihimili, na kutenganisha kazi zao ni mgawanyo wa madaraka. Anayekitumia cheo chake kujinufaisha anafanya matumizi mabaya ya madaraka. Hilo ni kosa linaloshtakiwa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Mwandishi anayeandika "matumizi mabaya ya nguvu" kwa kosa hilo amemfanya mla rushwa aonekane kama mpigaji.

Ukitaka kuona tofauti ya nguvu na mamlaka ikifanya kazi kwa usafi, fungua Biblia ya Kiswahili ya Muungano ya mwaka 1952. Katika Mathayo 28:18 Yesu anasema amepewa mamlaka yote mbinguni na duniani. Katika Matendo 1:8 anawaahidi wanafunzi kwamba watapokea nguvu. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina neno power sehemu zote mbili. Kigiriki cha awali kina maneno mawili tofauti, na wafasiri wa Kiswahili wakayafuata. Ni kazi ya kuonea fahari. Mwislamu naye anaposema lahaula, anakiri kwamba hakuna hila wala nguvu ila kwa Mwenyezi Mungu, na anapozungumzia jambo lililotokea nje ya mipango ya binadamu atasema ni kudra ya Mungu. Kudra haipokelewi ofisini. Ukikuta power ya Muumba katika maandishi ya dini, pima kati ya nguvu, uweza na kudra, na usikilize waumini wa dini hiyo wanasemaje.

Hatua ya 4: Chagua kitenzi cha kuingia na kutoka

Kiswahili ni tajiri mno hapa. Mtu huingia madarakani, hushika madaraka, hukalia kiti. Jeshi hutwaa madaraka au hupindua serikali. Anayegoma kuondoka anang'ang'ania madaraka.

Kutoka kuna milango mingi, na kila mlango una neno lake. Kujiuzulu ni kuandika barua, hata kama umesukumwa. Kuachia ngazi ni lugha ya magazeti kwa jambo hilo hilo. Kustaafu ni muda umefika. Kung'olewa ni kwa nguvu. Kutumbuliwa, neno lililoshika kasi Tanzania baada ya uchaguzi wa 2015, ni kufukuzwa na mkubwa mbele ya macho ya watu, kama jipu. Na kung'atuka ni kuachia kwa hiari wakati ungeweza kubaki. Ndilo neno linalofuatana na Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985. Nimewahi kusoma habari ya waziri aliyefukuzwa, na kichwa kikasema ameng'atuka. Lile lilikuwa kosa la taarifa, si la sarufi: msomaji aliambiwa mtu ameondoka kwa heshima yake mwenyewe wakati ameondolewa.

Hatua ya 5: Pima uzito wa nguvu, mabavu na dola

Ubavu ni upande wa mwili, na "sina ubavu wa kushindana naye" ni kukiri kwamba amekuzidi. Lakini mabavu ni kulazimisha. Kiongozi anayetawala kwa mabavu hasikilizi mtu.

Kwa mwandishi wa habari tofauti hii ni ya kitaaluma. "Polisi walitumia nguvu kuwatawanya" inaeleza tendo bila kulihukumu. "Walitumia nguvu kupita kiasi" inasema kuna kipimo na kimevukwa, kwa hiyo uwe na ushahidi wa kipimo hicho. "Walitumia mabavu" ni hukumu kamili. Usiandike la tatu kwa sababu tu umelichoka la kwanza. Na usiandike la kwanza kwa sababu unaogopa, kama ulichokiona kwa macho yako ni la tatu.

Dola ni nchi kama chombo cha kutawala: jeshi, polisi, mahakama, magereza. Vyombo vya dola, kushika dola, chama dola. Wingi wake, madola, ni mataifa, na madola makubwa ndiyo yale yenye uzito duniani. Kwa kuwa dola ni fedha ya Marekani pia, sentensi kama "wanapigania dola" inahitaji mkono wa pili wa kuishika: wanapigania kushika dola, au wanapigania fedha.

Enzi sitakaa nalo sana. Limebaki kwenye kiti cha enzi, katika jina Mwenyezi, katika kitenzi kuenzi, na katika maana ya zama: enzi za ukoloni. Usilitumie kwa mkuu wa wilaya.

Hatua ya 6: Ukiona mita, badilisha msamiati

Usiku mmoja taa ya nyumbani kwetu ilififia ikawa kama kaa la moto, friji ikawa inaguna bila kuwaka. Fundi akaja, akashika testa, akasema: "Mzee, umeme upo, ila hauna nguvu." Amefundisha somo zima. Umeme ni kitu chenyewe kinachopita kwenye waya. Nguvu ni kiasi cha kazi kinachoweza kufanya kwa wakati.

Katika mazungumzo, power iliyopotea nyumbani ni umeme: Tanzania umeme umekatika, Kenya stima zimepotea. Ukikatwa kwa ratiba mtaa kwa mtaa, ni mgao wa umeme. Hakuna mtu anayepiga simu kuuliza "nguvu imerudi?"

Katika maandishi ya sayansi kuwa mkali zaidi. Kani ni msukumo au mvuto unaokiathiri kitu, na hupimwa kwa niutoni. Nishati ni kile kinachotumika kufanya kazi, na hupimwa kwa jouli. Nguvu ni kasi ya kuitumia nishati hiyo, na hupimwa kwa wati. Vitabu vingine vinasema nguvu ya uvutano kwa ile ambayo kwa mpangilio huu ni kani ya uvutano; watu wanaelewa, lakini ukiandika somo, amua mwanzoni na usibadilike katikati. Mashine nazo hutajwa kwa nguvu za farasi, na moja ya hizo ni kama wati 746.

Mfano wa kufundishia uko ukutani kwako. Uniti 1 unayonunua kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni kilowati moja kwa saa moja. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa 1 imemaliza uniti 1. Taa ya wati 10 itahitaji saa 100 kuimaliza uniti hiyo hiyo. Pasi ina nguvu mara mia ya taa, lakini nishati waliyotumia imelingana. Kwa hiyo shirika la umeme linakuuzia nishati, na wati zilizoandikwa kwenye kibati cha pasi ni nguvu. Mwanafunzi akilishika hili, hatachanganya tena bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, na uniti ambazo bwawa hilo linazalisha kwa mwaka. Ona pia kwamba nimeandika "lenye uwezo wa megawati". Kwa mtambo, kiwango cha juu unachoweza kutoa ni uwezo, hata kama leo umezimwa.

Kwenye hesabu, 5 ikizidishwa kwa 5 ni 5 kwa kipeo cha pili, yaani 25. Jihadhari na herufi moja: kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Kipeo kinapandisha, kipeuo kinashusha.

Hatua ya 7: Kumbuka maneno yasiyofanana na power hata kidogo

Mara nyingi jibu bora halimo kwenye orodha ya kamusi. Sauti: "mke hana sauti ndani ya nyumba ile." Kauli: "mwenye kauli ya mwisho ni shangazi." Mkono mrefu: mtu anayefika mahali ambapo hutarajii. Rungu: "waziri amepewa rungu" maana yake sheria imempa mamlaka ya kuadhibu. Vigogo: watu wenye cheo au mali ambao si rahisi kuwagusa. Ushawishi: kumfanya mtu afuate bila amri. Nguvu ya soda: bidii inayofoka leo na kesho imetulia, maonyo ya kuondoa maji machafu mtaani kwetu yamekuwa nguvu ya soda kila msimu wa mvua.

Kura ya turufu nayo inastahili kusimamiwa kidogo. Turufu ni karata inayozishinda nyingine zote, na Waswahili wakaichukua kutoka kwenye jamvi la wacheza karata wakaipeleka Umoja wa Mataifa. Baraza la Usalama lina wajumbe 15, na 5 wa kudumu, yaani Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa, wana kura hiyo. Mmoja wao akiitupa mezani, kura 14 za wengine hazifui dafu. Hakuna tafsiri ya neno kwa neno ambayo ingefikia uzuri huu.

Kwenye sheria, karatasi unayompa mtu ili auze kiwanja au afungue kesi kwa niaba yako ni hati ya uwakilishi, kwa Kiingereza power of attorney. Nimeshika nakala moja iliyoandikwa "nguvu ya mwanasheria". Mzee mwenye kiwanja aliikataa kwa sababu yeye hakutaka mwanasheria, alitaka mwanawe wa kike amsimamie. Alikuwa sahihi kukataa. Kilichoandikwa hakikuwa alichokitaka.

Hatua ya 8: Nyoosha ngeli

Nguvu huwa na "i" na "zi": nguvu hii ya hoja, nguvu zangu zimeisha. Za mwilini hupenda wingi. Madaraka ni "ya": madaraka haya, madaraka yake. Mamlaka inacheza pande mbili kwa sababu nzuri: ikiwa chombo, "Mamlaka hii imetangaza", ikiwa haki ya kuamua, "mamlaka haya makubwa aliyopewa". Ukifuata utaratibu huo, msomaji atajua kwa kiambishi tu kama unazungumzia ofisi au haki. Nishati na dola ni "i" kwa umoja: nishati hii, dola hii.

Kisha jaribu kuondoa nomino kabisa. "Ana nguvu juu ya wafanyakazi" huwa bora zaidi ikiwa "ndiye anayewaamuru wafanyakazi", au "anaweza kuwafukuza", au "wanamwogopa". Hizo ni habari tatu tofauti. Kitenzi kitakulazimisha uchague moja.

Hatua ya 9: Fanya zoezi hili kwa kalamu

Hii ni aya iliyotafsiriwa kwa haraka, ya aina ninayoletewa kuhariri kila wiki:

"Mwaka huu wilaya ilipoteza nguvu mara nyingi. Mkuu mpya wa wilaya, aliyekuja kwenye nguvu mwezi Machi, hana nguvu ya kuvunja mkataba wa jenereta. Nguvu hiyo ni ya waziri. Wananchi hawana nguvu ya kununua mafuta, na watu wenye nguvu wanafaidika. Mradi unataka kuwapa wananchi nguvu."

Ifunike, uiandike upya, halafu linganisha na yangu:

"Mwaka huu umeme ulikatika mara nyingi wilayani. Mkuu mpya wa wilaya, aliyeanza kazi mwezi Machi, hana mamlaka ya kuvunja mkataba wa jenereta. Mwenye mamlaka hayo ni waziri. Wananchi hawana uwezo wa kununua mafuta, na wanaofaidika ni vigogo wachache. Mradi unataka wananchi waonyeshwe mkataba huo na wawe na sauti kabla haujasainiwa upya."

Nguvu imetoka sehemu zote saba. Sentensi ya mwisho ndiyo iliyonichukua muda, kwa sababu ilinibidi nirudi kwa mwenye andiko nimuulize: wananchi wapewe nini hasa? Alifikiri kidogo, kisha akajibu, "Wauone mkataba." Neno hilo halikuwepo kwenye rasimu yake.

Kijitabu cha kule Pwani kilichapwa mara ya pili. Ukurasa wa kwanza sasa unasema: "Mwanamke anayelima awe na kauli juu ya hela ya mavuno." Niliusoma mwenyewe, chini ya mwembe ule ule. Bibi wa kanga alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mwenyekiti wa kijiji na kumuuliza kikao cha kupanga bei ni lini.